Mgomba wa chupa: ukomazwe Mtwara au uje kwenye kiriba?

Mgomba wa maabara, yaani mche uliooteshwa chupani kutoka kipande kidogo cha mgomba, huweza kufika Mtwara kwa sura mbili. Ama uko ndani ya chupa, mdogo kama kidole, mizizi imeshika jeli. Ama uko kwenye kiriba, kimfuko cha nailoni chenye udongo, una majani manne matano, unasubiri shimo. Kutoka Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo sura utakayoichagua si jambo dogo.

Wanaotaka viriba wana haki ya kuogopa chupa. Mche ule umelelewa kama mwali wa unyago: ndani, unyevu unakaribia asilimia 100, unalishwa sukari. Jani lake lina nta kidogo mno, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga jua likipanda. Mizizi ya kwenye jeli nayo ina vinyweleo vichache. Kwa macho ni mingi, kwa kunywa ni hafifu. Lindi niliona trei nzima ikinyauka kabla ya alasiri, na mwenyewe alikuwa amemwagilia asubuhi ile ile. Udongo ulikuwa umelowa. Hewa ndiyo ilikuwa kavu.

Hata nje ya migomba, wazalishaji wa bluberi, tunda dogo la buluu, ambao mizizi ya chupani imewachosha, wengi huchomeka vikonyo visivyo na mizizi moja kwa moja kwenye mboji chini ya ukungu wa maji. Mizizi inaota humo humo, huku jani likizoea hewa.

Hata hivyo mimi naegemea chupa, tena si kwa sababu ya nauli, ingawa miche 1,000 yenye viriba vyake ni mzigo wa lori. Sababu ni udongo. Tuliacha machipukizi ya jirani tukikimbia minyoo fundo ya mizizi, fukusi wanaotoboa shina, na mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu wa udongoni. Udongo wa kitalu cha mbali usiochemshwa unaweza kuturudishia minyoo na mnyauko huo kwa bei ya juu zaidi. Mche ukikomazwa hapa, yaani ukizoezwa hewa na jua, wewe mwenyewe unauchoma udongo kwa mvuke kwenye pipa. Makuti yapo ya kivuli. Makumbi yapo ya kuchanganyia, ila yaoshwe sana kwa maji yasiyo na chumvi, maana yaliyolowekwa baharini huunguza mizizi michanga.

Kazi hiyo lakini iachiwe kitalu kimoja chenye maji ya uhakika. Kumgawia kila mkulima chupa zake ni kumgawia hasara.

Inabaki hoja moja ya wenye viriba ambayo sijaipatia jibu. Mche hukaa wiki nne hadi sita chini ya nailoni, kisha kama miezi miwili kwenye kivuli kinachopunguzwa kidogo kidogo. Ili uwahi mvua za Desemba na Januari, chupa zifunguliwe Septemba, na nailoni ifunuliwe kwa vipimo kila siku hadi Oktoba. Miezi hiyo korosho zinaanguka, na nani atabaki kitaluni?