Roy Batty alitaka kuishi tu

Kila ikitajwa muvi ya Blade Runner lazima atokee mtu wa kusema mbona 2019 imeshapita na magari yanayoruka hatujayaona. Ni kweli, hadithi yenyewe iko Los Angeles Novemba 2019, na humo ndani mtu akitaka kupiga simu ya video anaenda kwenye kibanda, hamna aliyeshika simu mkononi. Sasa ndo nini? Tukizipima muvi za sayansi kwa utabiri karibu zote tungeshazitupa zamani.

Mi naona kinachoiweka hai ni Roy Batty. Huyu ni replikanti, mtu wa kutengenezwa, ameundwa kwa ajili ya vita huko kwenye koloni za nje ya dunia, kapewa nguvu za kupita binadamu halafu kapewa miaka 4 tu ya kuishi, tena kwa makusudi, ili asije akaota hisia zake mwenyewe akawasumbua waliomtengeneza. Anatoroka anarudi duniani na wala hataki hela wala kutawala, anamtafuta Tyrell, tajiri aliyemuunda, amwongezee maisha basi. Na Tyrell anamjibu kama fundi anayeeleza mashine, haiwezekani kwa sababu hii na hii, halafu anamwambia afurahie muda uliobaki!! Kile kipande kila nikikiangalia kinaniuma, maana habari ya roboti inakuwa imeisha pale, unaona mfanyakazi kasimama mbele ya mwenye kampuni anadai uhai wake na mwenye kampuni hana cha kumpa. Deckard, yule anayetumwa kuwaua replikanti waliotoroka, ndo stering lakini roho yangu yote iko kwa adui, na huyo adui dakika zake za mwisho anazitumia kumwokoa mtu aliyetumwa kumuua.

Halafu ule mji jamani. Syd Mead, msanii aliyebuni mandhari ya muvi hii, alichora majengo ya zamani yaliyovalishwa mabomba na nyaya kwa nje, yaani wakati ujao umejengwa juu ya mabaki, na Bradbury, jengo la kweli la 1893, limo humo linavuja maji. Chini watu wanakula tambi mvuani, juu linapita tangazo la kuwaita wahamie sayari nyingine. Saibapanki, hii aina ya hadithi za wakati ujao, ndo hiyo, teknolojia imefika angani na mpangaji bado anavujiwa.

Ilipotoka Juni 1982 haikufanya vizuri sokoni, muvi ya E.T. ilishatangulia wiki 2 nyuma, na studio ilikuwa imeibandika Blade Runner sauti ya Harrison Ford, aliyecheza Deckard, ya kuelezea mambo pamoja na mwisho wa furaha. Toleo la 1992 likaviondoa vyote viwili, na watu wakaiona upya.

Kwa hiyo ikija muvi mpya ya saibapanki mi naangalia kwanza nani anafanya kazi humo, nani anammiliki, na huyo anayemilikiwa anataka nini. Nikikuta taa za neoni na mvua tu naizima.