Kiunzi cha tandiko kinasingiziwa

Binamu yangu anayetunza farasi wa watalii kule Arusha amenitumia tangazo la tandiko lisilo na kiunzi. Linaahidi mambo matatu: linamkaa farasi yeyote, linamwachia mabega huru, na kwa kuwa halina kitu kigumu ndani haliwezi kumuumiza. Ameniuliza mimi niliye Dodoma, ambako farasi ni wa kuhesabu, kwa sababu nimetibu migongo ya punda miaka mingi.

Kiunzi ni mifupa ya tandiko: mbao zilizounganishwa kwa gundi na kutiwa vyuma, au plastiki ngumu, inayoacha njia wazi juu ya uti wa mgongo. Lisilo na kiunzi ni tabaka za ngozi, turubai na sponji. Mbele huwekwa upinde mfupi wa faiba au sponji ngumu, nyuma kipande cha kuinua kiti. Mengi huhitaji pedi maalumu yenye mito miwili, mmoja kila upande wa uti. Yaani kazi ya kiunzi ipo palepale, ila imehamishiwa kwenye pedi, na pedi ina bei yake.

Wauzaji wana haki yao pia. Kiunzi kisichomfaa mnyama ni balaa. Kikiwa chembamba hubana nyuma ya mabega. Kikiwa kimenyooka kuliko mgongo hulala kama gogo juu ya korongo, kikigusa kingo mbili tu. Tena farasi hukonda kiangazi na kunenepa masika, kiunzi hakibadiliki naye. Kwa mgongo mpana wa mviringo, mpandaji mwepesi na safari fupi, tandiko laini linaweza kufaa kabisa.

Ila hilo la "laini haliumizi" siliwezi. Nendeni kwenye bomba lolote la vijiji vya Chamwino au Bahi asubuhi. Punda anabeba madumu manne ya lita 20, kilo 80 za maji, uzito wa mtu mzima. Mgongoni ana gunia lililokunjwa, na juu ya gunia kamba inayovuka uti kuunganisha madumu ya kulia na kushoto. Hakuna mbao hata moja hapo. Funua gunia: manyoya yamenyonyoka, ngozi imechubuka mstari mzima wa kamba, nzi wamekwisha kufika. Unapuliza dawa, kesho kamba inarudi palepale.

Chukua hizo kilo 80. Zikienea juu ya sentimita za mraba 1,000, ngozi inabeba mgandamizo wa kama kilopaskali 8. Zikibanwa kwenye 500, zinakuwa karibu 16. Uzito ni uleule, kilichopungua ni eneo. Na hapo mnyama amesimama. Akienda telki, yaani mbio za polepole, mzigo huweza kugonga kwa nguvu maradufu kila hatua. Sponji hubonyea pale palipoelemewa na kuacha kwingine bila kazi, ilhali kiunzi husambaza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 2012, farasi wanane wakiwa katika telki. Tandiko la kiunzi lilisambaza nguvu juu ya eneo kubwa zaidi. Lile lisilo nacho lilikuwa na sehemu nyingi zaidi zilizovuka kilopaskali 11, kiwango kinachohusishwa na maumivu ya mgongo. Kweli, tandiko moja halihukumu chapa zote sokoni. Lakini anayedai lake ni tofauti atuonyeshe vipimo vyake, si picha ya farasi anayekimbia ufukweni.

Kuna na vikuku vya kukanyagia. Kwenye kiunzi, mikanda yake huning'inia kwenye mbao. Kwenye baadhi ya matandiko laini hushikiliwa na ukanda unaopita juu ya mgongo, na mpandaji anaposimama kwenye vikuku ukanda unavutwa chini pande zote mbili. Ile kamba ya madumu, basi, imekuja na bei ya dola.

Nimemwambia binamu asilipe kabla ya kulijaribu. Amfunge farasi tandiko na pedi yake, ampandishe mtu wa kilo 80, kisha apitishe vidole chini ya tandiko, juu ya uti, kuanzia mbele mpaka pale mtu alipokalia. Vikikwama, alirudishe siku hiyohiyo.