Wahudumu wa Afya ya Jamii: Kujitolea au Ajira?

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wengi wao wanawake, waliopewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani. Posho iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Suala ambalo bado halijatatuliwa ni kama wanawake hawa ni waajiriwa au ni majirani wanaojitolea.

Wanaotetea kujitolea wana hoja nzito. Mhudumu huteuliwa barazani na watu wanaomfahamu, na imani hiyo ndiyo humfungulia milango ambayo mgeni angefungiwa. Nafasi hiyo ikigeuka kuwa ajira, wanahofia, itagombewa kwa vyeti na kwa kujuana, na mama aliyeaminiwa miaka mingi atawekwa kando. Hofu hiyo naikubali kabisa. Hata hivyo, inachodai ni kulindwa kwa uteuzi wa barazani. Haihalalishi malipo duni.

Tutazame kazi yenyewe. Mhudumu mmoja hukabidhiwa kaya zipatazo 100. Akikuta mtoto aliyedhoofika, hutafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, akazungusha utepe wa rangi na kusoma kipimo: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na mtoto hupewa rufaa ya kwenda kituo cha afya mara moja. Kisha huanza kazi isiyoonekana, ya kumshawishi mama asiye na nauli wala wa kumwachia watoto wengine, na kurudi baadaye kuhakikisha kwamba walikwenda. Muda huo wote anautoa kwenye shamba lake au biashara yake ndogo. Kuuita huo moyo wa kusaidia ni sawa, lakini moyo huo haulipi karo.

India imepita njia hii. Tangu 2005 wanawake wa vijijini waitwao ASHA wamekuwa wakilipwa hasa kulingana na kila huduma waliyotoa, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliwatunuku, ilhali wamegoma mara kwa mara wakidai kutambuliwa kuwa wafanyakazi. Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa 2018, lilipendekeza malipo yanayolingana na kazi, wala yasitegemee zaidi idadi ya huduma zilizotolewa.

Ipo pia hoja ya bajeti, nayo si ya kubeza, kwani kaunti zina mzigo wa madaktari na wauguzi. Lakini posho inapochelewa kwa miezi, kama ilivyotokea katika baadhi ya kaunti, gharama haijatoweka. Imehamishiwa kwa mwanamke mwenye kipato kidogo kuliko wote katika mfumo huo. Mkataba wenye tarehe ya malipo, huku baraza likibaki na mamlaka ya kumteua na kumwondoa, unawezekana sasa hivi: taarifa za kila kaya anayoitembelea tayari hutumwa kwa simu, hivyo kaunti haiwezi kusema haijui nani amefanya kazi.