Mayai ya watu, kitabu cha watu

Haya, najua mshaisikia toka jana kwenye status ya shosti wangu, eti nimemvunjia mama wa watu mayai makusudi sababu kitabu kimenishinda. Muongo yule. Sikilizeni ya kwangu kwanza, kucheka mtacheka baadae.

Kitabu chenyewe ni Jonathan Strange & Mr Norrell cha Susanna Clarke, kilitoka 2004, mwaka uliofuata kikabeba tuzo ya Hugo, kurasa 800 hivi, na shosti anakisifia kama analipwa kamisheni. Na kusema ukweli kuna pale Norrell anayafanya masanamu ya mawe ya kanisa kuu la York yaanze kuongea, aisee chai yangu ilipoa mkononi. Ila mpaka ufike hapo! Wazee wa York wanakaa vikao kujadili uchawi ambao hakuna hata mmoja wao anayeufanya, halafu chini ya ukurasa kuna noti, noti inaanzisha hadithi yake, inavuka ukurasa wa pili, ukirudi juu umeshasahau nani alikuwa anaongea. Noti ziko karibu 200 hizo.

Sasa juzi jioni nikapata siti ya daladala ya Mbagala (wanaoijua njia hiyo wanaelewa, siti saa kumi na mbili ni tuzo kuliko Hugo). Nikafungua, nikaingia kwenye noti, Bendera Tatu sikuiona.

Pembeni yangu kuna mama na trei mbili za mayai mapajani, kazifunga kamba, kazipakata kama kichanga. Dereva akaruka tuta. Nashtuka naona kitabu kinateleza, taratibu, chenyewe nacho hakina haraka, kikapita juu ya goti langu, kikageuka, kikasimama kwa kona moja juu ya trei ya juu. Na kikatulia! Walahi kilitulia. Kiherehere changu sasa, nikakidaka kwa mikono miwili nikakikandamiza. Kruu. Yai la kwanza nikalisikia vidoleni, bichi, baridi, la pili, la tatu, halafu nikaona ute unashuka kwenye kanga ya mama, unaning'inia kidogo, unadondokea kwenye ndala.

Mama akakiangalia kile kitabu, kinene, jalada jeusi. Akameza hasira zake. "Pole mtumishi. Uchovu wa huduma huo." Gari zima, pole mtumishi. Mimi ningesema nini? Nikasema amina. (Msinitolee macho, na nyie mngesema amina.)

Ningeshuka na heshima yangu kama konda asingekichukua anifutie. Akafunua, akasoma kwa sauti, "ma-gi-chi-ani." Kulikuwa na kadogo ka sekondari kamesimama mlangoni, hakajaulizwa na mtu, kakadakia, "ni mchawi hiyo."

Kimyaaa.

Daladala imejaa mpaka watu wananing'inia ila pembeni yangu ghafla pakapatikana nafasi ya kukunja nne. Nikaanza kujieleza, hapana jamani ni riwaya, wachawi wenyewe wa Uingereza, zamani, enzi za vita vya Napoleon. Konda akaniangalia juu mpaka chini: "Kwa hiyo wa kuagiza."

"Mayai yangu kumi na saba, mwanangu," mama akasema. Utumishi umeshakwisha.

Nikalipa, nikashuka vituo viwili kabla ya kwangu, nikatembea nanuka kama bakuli la chipsi mayai kabla halijafika jikoni.

Kitabu nimekianika dirishani, kimekauka, ila kuanzia ukurasa wa 210 mpaka 230 na kitu kurasa zimegandana, ukivuta zinachanika. Ikabidi nimpigie shosti, nikamuomba msamaha, nikamwambia basi nihadithie tu hapo katikati kunatokea nini ili niendelee. Akafikiria weee.

"Hapo? Hapo hakuna kinachotokea, ruka tu."