Nafasi tupu mbele ya jina la mke

Wiki iliyopita kwenye grupu la ukoo baba mdogo katuma voice note ya dakika nne, chanzo ni binti yetu mmoja aliyepata kazi Dodoma, mume wake kabaki Tanga na watoto, na humo ndani baba mdogo akasema kitu ambacho kimenikaa kooni mpaka leo. Kwamba hata hao wazungu tunaowaiga, zamani mwanamke wao alikaa nyumbani, mwanaume ndo mtafutaji, haya mengine wameyaanza juzi juzi tu. Watu wakaweka dole gumba. Mashangazi nao wakaweka.

Pale pale sikujibu, baba mdogo ni baba yangu na siwezi kubishana nae mbele ya ukoo mzima. Ila hili jambo nimelisoma miaka, nalipenda, na linaniuma kuona uongo unapita kirahisi hivyo kwa sababu tu umesemwa kwa sauti ya mtu mzima.

Chukueni mji mmoja tu, Preston, kule Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, mwaka 1851. Mji wa watu karibu elfu sabini na kilichoujaza ni pamba. Saa za alfajiri kabla jua halijatoka kuna mtu analipwa kupita mitaani na fimbo ndefu anagonga madirisha ya ghorofani kuamsha watu, na wakishaamka mnasikia viatu vya mbao vinalia kwenye mawe barabara nzima, na kwenye huo msururu wanaokwenda kiwandani wasichana na wanawake ni wengi mno. Wanaenda kufuma. Mmoja anasimamia mashine mbili, tatu, mpaka nne, zote zinakwenda kwa injini ya mvuke, akae macho uzi usikatike, na hewa inatakiwa iwe na unyevu kwa sababu uzi mkavu unakatika ovyo, yaani unafanya kazi kwenye joto na ukungu siku nzima alafu unatoka nje kwenye baridi ya kule. Ule uzi wa mshindio, unaopita kwa upana wa nguo, ukiisha anafyonza uzi mpya kwa mdomo upite kwenye tundu la kile kijiti kinachoubeba, kijiti hicho hicho kimefyonzwa na mwenzie jana, meno yanaoza na magonjwa yanahama mdomo kwa mdomo. Na kelele ni kubwa kiasi kwamba wanawake wa Lancashire walijifunza kuongea bila sauti, wanachezesha midomo na mikono, wanaelewana umbali wa chumba kizima.

Hiyo niliposoma mara ya kwanza nilimkumbuka shangazi yangu mkubwa, marehemu. Alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka ya sabini na themanini, na sisi watoto tulikuwa tunamwogopa tukidhani ni mkali kwa vile alikuwa anaongea kwa nguvu kama anagombana, kumbe masikio yalishachoka. Alikuwa anakuangalia mdomoni ukiongea. Sikujua kwa nini mpaka nimesoma habari za wanawake waliokufa zaidi ya miaka mia kabla yake.

Sasa mkumbuke na hili. Kusokota uzi, kabla ya mashine, kule Uingereza ilikuwa kazi ya wanawake kabisa, mpaka neno lao la kumwita mwanamke ambaye hajaolewa linatokana na kusokota. Ikaja mashine ya Samuel Crompton mwaka 1779, ikaendelea kukua mpaka inasokota mamia ya nyuzi kwa mpigo, pesa ikawa nzuri, na ghafla kusokota ni kazi ya mwanaume. Mwaka 1829 viongozi wa vyama vya wasokotaji walikutana kisiwa cha Isle of Man wakaamua chama kiwe cha wanaume, wanawake waanzishe chao. Msokotaji akawa bwana, anawalipa mwenyewe watoto wa kumuunganishia nyuzi zinazokatika, mara nyingi watoto wake wa kuzaa. Na kufuma, ambako wanaume wengi wa mashine za mkono waliishi kwa heshima, malipo yalipoporomoka na mashine za mvuke kuingia, wakawekwa wanawake na mabinti. Ndo maana mtu akiniambia kazi fulani ni ya kiume kwa asili namuuliza, asili ya kabla ya mshahara kupanda au ya baada?

Ila kwenye kufuma kuna kitu kizuri lazima nikiseme. Blackburn, mji wa jirani, mwaka 1853 walikubaliana orodha ya bei kwa kila kipande cha nguo, na bei ni ya nguo, haiangalii aliyefuma ni mwanamke au mwanaume. 1853 hiyo! Lakini fundi anayetengeneza na kusimamia mashine alikuwa mwanaume tu, na pato lake lilitegemea wale wafumaji waliochini yake wamefuma kiasi gani. Kwa hiyo usawa uliishia hapo.

Lakini kinachonitoa machozi kabisa ni kurasa za sensa ya Preston ya mwaka huo huo wa 1851. Zipo, watu wamezinakili, ukikaa nazo usiku utaona nyumba kwa nyumba, jina, umri, alikozaliwa, kazi. Mume: msokotaji. Binti miaka 17: mfumaji. Kijana miaka 10: kiwandani nusu siku na shule nusu siku, sheria ya viwanda ya 1844 iliruhusu hivyo. Mpangaji: fundi seremala. Mpangaji mwingine: kibarua. Mke: patupu. Hakuna neno. Mama ana wapangaji wawili juu ya watoto wake, anawapikia na kuwafulia, na hela ya wapangaji ndo inalipa kodi ya nyumba, na mbele ya jina lake patupu.

Hii haikuwa bahati mbaya. Sensa ya 1841, ya kwanza kuandika kila mtu na kazi yake nchi nzima, makarani walipewa maelekezo kwamba kazi za wake, na za watoto wanaowasaidia wazazi bila mshahara, si lazima ziandikwe. Iliyofuata, hiyo ya 1851, fomu ilikuwa inaachwa nyumbani, mkuu wa kaya anajaza, karani anakuja kuichukua na kuinakili kwenye daftari lake, na karani ni mwanaume, mwanamke hakuruhusiwa kuwa karani mpaka 1891. Kwa hiyo aliyesema mke ana kazi au hana ni mume, na aliyethibitisha ni mwanaume mwingine. Alafu 1881 wakamalizia kabisa, mama wa nyumbani akapangwa kundi moja na watu wasio na kazi.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba hawakuwa vipofu moja kwa moja. Majedwali ya 1851 yana kundi la mke wa fundi viatu, mke wa muuza nyama, mke wa mwenye duka, kwa maana walijua huyo mama anashona ngozi au anasimama dukani. Ila hata hapo kazi yake ina jina la mume.

Mimi nimeona hiki kitu kwa macho yangu. Agosti 2022 karani wa sensa kaja nyumbani, kijana mpole tu, kauliza shughuli ya mama, na baba akajibu kabla mama hajafungua mdomo: andika mama wa nyumbani. Mama alikuwa uani anachoma maandazi ya watu, oda ya msiba mtaa wa pili, ndoo mbili za unga. Hayo maandazi yamenisomesha mimi mpaka chuo, baba mwenyewe anajua, na simlaumu kwa ubaya wa moyo maana hana, ila lilimtoka kama mtu anavyotaja jina lake. Mama hakusema kitu. Mimi nilikuwepo na mimi sikusema kitu, na hilo linanisumbua kuliko jibu la baba.

Baba mdogo ana haki kidogo. Preston ile ile ilikuwa na Winckley Square, nyumba nzuri za wenye viwanda na mawakili, huko mke hakutoka kwenda kutafuta. Na wake wengi wa kawaida wakizaa mtoto wa pili au wa tatu waliacha kiwanda, walioandikwa kuwa na kazi ni kama mmoja kati ya wanne. Sawa. Lakini pale Winckley Square nani aliamka kuwasha moto na kumwaga ndoo za vyooni? Mabinti wa kazi. Uingereza ya 1851 utumishi wa majumbani ulikuwa wa pili kwa wingi wa watu baada ya kilimo, na karibu wote ni wanawake. Huyo mke wa kukaa nyumbani alikaa juu ya mgongo wa mwanamke mwingine anayefanya kazi.



Mwenye mtoto mchanga akirudi kiwandani alimwacha kwa bikizee wa mtaani, na mabikizee wengi waliwanyweshea watoto dawa yenye afyuni ili walale. Preston ilikuwa moja ya miji inayozika watoto wachanga wengi kuliko karibu yote Uingereza, na mabwana wakubwa waliandika ripoti kuwalaumu akina mama kwa kwenda kazini. Mitaro ya maji machafu, nyumba za kubanana, mshahara wa mume usiotosha mkate, hivyo vikawa vya pembeni. Mama akienda kazini analaumiwa, asipoenda anaandikwa hana kazi.

Juzi nikamsomea mama haya yote yeye anapepeta unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, yule bikizee wa kulea alikuwa analipwa? Nikamwambia ndio mama, kila wiki, mfumaji anakata kwenye mshahara wake.

"Basi na huyo ana kazi," akasema. "Wamwandike."