Tuhesabu pomboo kabla nyundo haijaanza kugonga

Mwaka mmoja wa kuhesabu viumbe kabla ya kusimika mitambo ya upepo baharini hautoshi, na kibali kinachotegemea hesabu hiyo kisitolewe. Pomboo hufuata chakula, na chakula hubadilika mwaka hadi mwaka. Ukipima mwaka wa njaa, mradi utaonekana umewaneemesha; ukipima mwaka wa neema, utaonekana umewafukuza.

Tazama Nysted, Denmark, penye mitambo 72 iliyokamilika 2003. Pomboo wa aina ndogo wa eneo hilo walipungua, na takriban muongo mmoja baadaye walikuwa hawajarudi kama awali. Misingi yake ni ya zege iliyokalishwa sakafuni, hivyo kelele za nyundo ya kupigilia nguzo pekee hazielezi jambo hilo. Kule Egmond aan Zee, Uholanzi, nguzo 36 za chuma zilipigiliwa, lakini baadaye pomboo walisikika zaidi ndani ya shamba hilo la mitambo ya upepo kuliko nje. Huenda ni kwa sababu meli na nyavu haziruhusiwi humo. Anayenukuu shamba moja tu anapotosha.

Vinasa milio, yaani vifaa vya majini vinavyorekodi sauti za pomboo, navyo visiwekwe ndani ya shamba na sehemu moja ya kulinganishia tu. Kelele za kupigilia nguzo huweza kuwafukuza pomboo hadi kilomita 20, kwa hiyo sehemu hiyo ikiwa karibu, nayo imeathirika. Vipangwe kwa umbali unaoongezeka, mathalani kilomita 1, 3, 10, 20 na 40, kisha zihesabiwe dakika zenye milio kila siku. Betri hufa, na nyavu za kukokota hung'oa maboya. Kinasa kilichokufa kikiandikwa sifuri, pomboo wametoweka kwenye karatasi tu! Saa ambazo kifaa hakikufanya kazi ziondolewe kwenye hesabu.

Ujerumani imeweka kikomo cha kelele za kupigilia nguzo: desibeli 160 za nishati ya kila pigo, mita 750 kutoka kwenye nguzo. Ili kukifikia, wajenzi huzungusha sakafuni bomba lenye matundu na kulisukumia hewa, yakatokea mapovu yanayopunguza sauti. Mkondo mkali huyapeperusha. Bomba likiwa karibu mno na nguzo, sauti hupita ardhini na kuibukia nje ya duara. Kwa hiyo sauti ipimwe wakati wa kila nguzo, upande wa mkondo na upande wa pili, na kazi isimame kikomo kinapopitwa.