Mbwa Naye Anastahili Daftari

Katika mji wa familia unaofuga farasi na mbwa pamoja, mgeni hahitaji kuuliza ni mnyama yupi anayethaminiwa zaidi. Farasi ana daftari. Limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa banda, na ndani yake zimeandikwa tarehe za chanjo, za dawa ya minyoo na za kukatwa kwato, pamoja na kiasi cha nyasi kavu anachopewa asubuhi na jioni. Mbwa waliojilaza kivulini hatua chache kutoka kwenye mlango huohuo hawana hata ukurasa mmoja, ingawa ndio wanaolinda banda usiku kucha. Maoni yangu ni kwamba mapenzi tunayosema tunayo kwa mbwa wetu hayatakuwa na maana hadi tuwape utaratibu uleule tunaowapa farasi bila kunung'unika.

Nazungumzia mji wa kwetu, ulio chini ya Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro, pale migomba inapopungua na ardhi kuanza kutandaa kuelekea Boma Ng'ombe. Farasi wetu wawili, Almasi na Malaika, baba aliwapokea kutoka kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa akihama nchi. Mlimani watu wamezoea ng'ombe wa ndani na mbuzi, na huko tambarare wamezoea punda wa Wamasai, kwa hiyo farasi walipofika majirani waliwaona kuwa punda walioneemeka. Hadi leo watoto wakitoka shuleni husimama kwenye uzio kuwatazama. Hakuna anayesimama kuwatazama mbwa wetu, Simba na Bosco, kwa kuwa mbwa wapo kila mahali.

Nakiri kwamba farasi hakupewa daftari kwa upendeleo mtupu. Ni mnyama mkubwa mwenye mwili dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Upo ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu. Ugonjwa huo hushambulia mapafu na moyo, na farasi asiye na kinga akiupata mara nyingi hafiki juma la pili. Punda milia hukaa na virusi hivyo mwilini bila kuonyesha dalili, nasi tunaishi jirani na nyika ambazo punda milia hawajaisha. Ndiyo maana farasi huchanjwa kila mwaka, tena huingizwa bandani kabla ya jua kuzama, kwa kuwa visubi huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, hasa wakati wa masika.

Kisha kuna tumbo. Farasi hawezi kutapika, hivyo chakula kibaya au gesi ikimkwama haina njia ya kurudi ilikoingilia. Akianza kugeuza shingo na kulitazama tumbo lake, akaparua ardhi kwa kwato, akalala na kugaagaa, nyumba nzima huamka. Saisi, yaani kijana anayetunza farasi, humtembeza taratibu uani, mama huwasha moto wa chai, mtu mwingine hushika simu kumtafuta daktari wa mifugo mjini Moshi hata kama ni saa nane za usiku, na asubuhi kila anayepita barabarani huulizwa kama amesikia habari. Sioni kosa lolote katika bidii hiyo. Mnyama anayeweza kuishi miaka 25 hadi 30, na ambaye kwato zake hudai kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, hawezi kutunzwa kwa kubahatisha.

Sasa tazama kinachotokea mtoto wa mbwa anapoanza kutapika na kuharisha damu. Katika miji mingi hakuna anayeamka. Utasikia tu mtu akisema kwamba hao ndivyo walivyo, atakayepona atapona, na baada ya siku chache shimo huchimbwa nyuma ya migomba. Mara nyingi ugonjwa huo huwa ni parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa ambao una chanjo, na gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya kumleta daktari usiku kwa ajili ya farasi. Tunachomnyima mbwa, kwa hiyo, ni kukumbukwa zaidi kuliko fedha.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba, tukipima kwa hatari, mbwa ndiye aliyepaswa kutangulia kuandikwa. Ugonjwa ule wa visubi haumshiki binadamu. Kichaa cha mbwa humshika mtu, humshika ng'ombe, humshika na farasi mwenyewe, na dalili zikishaanza takriban hakuna anayepona. Karibu visa vyote vya binadamu duniani, asilimia 99, hutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Wataalamu husema ugonjwa huo hukatika mahali ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa. Mwenye kutumia fedha nyingi kumkinga farasi dhidi ya visubi, huku mbwa anayelala mlangoni mwa banda hana chanjo, ameacha mlango mkubwa wazi. (Na kwa kuwa nimefika hapo: aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na anaonekana mzima.)

Yupo mzee jirani ambaye kila nikimwamkia na kuligusia suala hili hunijibu kwa upole, "Mwanangu, mbwa akishiba hulala. Mwache na njaa yake alinde." Namheshimu mzee huyo, lakini kauli hiyo siikubali. Mbwa mwenye njaa halindi mji. Hutoka kwa tundu la uzio kwenda buchani na jalalani, hupigana na mbwa asiowajua, na kurudi alfajiri na majeraha ambayo hakuna anayeyachunguza. Vivyo hivyo, mbwa anayefungiwa mchana kutwa katika banda la mabanzi lisilopitisha mwanga ili awe mkali hajifunzi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Simba hushinda huru ndani ya uzio, hula pumba iliyopikwa kwa dagaa hadi akatosheka, na bado hakuna mgeni anayefika kwenye banda la farasi bila sisi kujua.

Wapo majirani Waislamu ambao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa, na hilo ni haki yao. Kumtunza mbwa si lazima kumpakata. Wao ndio walionikumbusha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji ili kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo haikusema kwamba mnyama wa bei kubwa ndiye pekee anayestahili maji, chakula na matibabu.

Tatizo lingine huja na Desemba. Ndugu zetu wanapopanda kutoka Dar es Salaam kwa Krismasi, wote hupiga picha na Malaika, na mmoja wao hukosi kumwona ameshuka garini na mtoto wa German Shepherd kwenye kikapu kama zawadi kwa bibi. Januari wanarudi mjini, bibi anabaki na mnyama atakayekula kuliko yeye. Hakuna ndugu aliyewahi kumletea bibi farasi bila kikao, kwa sababu kila mtu anajua farasi ni gharama. Mbwa huchukuliwa kuwa bure.

Kwetu tumeanza kwa kumkabidhi saisi kurasa za mwisho za daftari, na mshahara wake ukaongezwa, kwa kuwa si haki kumtwika kijana kazi mpya kwa shukrani tu. Kila mbwa ana jina lake hapo, tarehe ya chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo na ya kupe. Kaka yangu amekubali yote isipokuwa kuwafunga uzazi majike, jambo analoliona kuwa ukatili, nami naona ukatili ni kuzaa watoto saba wasio na mwenyewe kila mwaka. Suala hilo limewekwa kwenye ajenda ya kikao cha familia cha Desemba, na nimeomba lijadiliwe kabla mtu yeyote hajateremsha kikapu garini.